Mgeni Asiyekosa

Nyumbani, 9 Februari

Mume wangu Cheche,

Mgeni kafika. Najua hilo ndilo unalolitafuta, unaruka salamu zote na habari za mama mpaka ulipate, kwa hiyo nimeliweka juu kabisa usihangaike. Kafika jana asubuhi nikiwa karakana, nimepiga magoti nyuma ya kochi la watu nagongea kitambaa. Nikasikia kiuno kinavuta, nikajua. Nikamaliza ule upande kwanza, kisha nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka bosi akauliza kama nimehamia.

Haya, sasa soma salamu. Mama hajambo, miguu inamsumbua kidogo. Ningekupigia simu, lakini huko kwenu simu ni tochi tu, kwa hiyo Mzee Breki ataendelea kubeba barua zetu kwenye lori lake pamoja na unga na maharage yenu.

Nikuchekeshe. Jirani wa upande wa bomba alimwuliza mama uani, mimi nikiwa jikoni nasikia yote, eti miaka minne sasa, huyu mkweo si tasa? Mama akamwambia tasa gani anayekwenda mwezini bila kukosa kama mshahara wa serikali. Akamwonyesha na vitambaa vyangu kwenye kamba. Akasema mwanamke huyu mzima, mkamwulize anayechoma vyuma. Jirani akabeba ndoo yake akaondoka.

Nilicheka peke yangu jikoni. Baadaye sikucheka, maana aliyetajwa ni wewe. Lakini kweli, mume wangu, umeme unakatika, maji yanakatika, mgeni wangu hakatiki. Tangu nivunje ungo sijawahi kumkosa. Wanawake wengine wanakaa miezi hawaoni kitu na bado wanazaa. Mimi niliye sawasawa ndiyo napigwa chenga.

Nimechoka, Cheche. Nilikuwa sitaki kuliandika hili lakini limeshaandikwa. Mwezi huu nilikuwa nimeamini kabisa.

Wako,
Kidoti


Kambini, 27 Februari

Mke wangu Kidoti,

Barua yako imefika imepakwa mafuta ya taa, Mzee Breki kaiweka chini ya kiti na galoni. Nimeisoma ikinuka hivyo hivyo.

Pole mke wangu. Niliposoma neno la kwanza nilikunja karatasi nikaenda kwanza kula. Nilirudi nikasoma yaliyobaki, na habari ya mama na jirani nimeicheka kweli, halafu na mimi ikanikaa. Mama hakukosea.

Wametuhamishia kwenye mabomba makubwa. Unaingia ndani umelala, unachomelea juu ya kichwa, na joto lote linakaa nawe humo. Mwenzangu mmoja, fundi wa siku nyingi, ameoa mara tatu hana hata mtoto wa kusingiziwa. Anasema moto huu unakausha mwanaume taratibu, wala huna habari. Wengine wanamcheka. Mimi nimekaa nikahesabu miaka niliyoshika moto, nikaacha kucheka.

Nikakusikiliza ulivyoniambia tulipoagana Januari, nikaenda zahanati ya kambi. Muuguzi kanipa kikopo na kunionyesha mlango wa choo. Nje ya mlango kuna benchi, na kwenye benchi wamekaa watu ninaokula nao sahani moja. Niliingia, nikasimama na kikopo changu, nasikia wanabishana mpira. Nikatoka, nikamrudishia kikopo kitupu, nikasema kumbe nilikuja kwa ajili ya jicho. Wakanipa dawa ya jicho. Ninayo mpaka sasa.

Cheka tu. Lakini Kidoti, hesabu hii haitaki shule. Wewe mgeni wako hakosi. Aliyebaki ni nani? Nimeomba likizo mwisho wa Machi. Nitakuja tujaribu tena, na huku najua kwamba nakuja na mikono mitupu.

Mumeo,
Cheche


Nyumbani, 14 Aprili

Cheche,

Kafika tena. Sina la kupamba.

Ulipokuja ulilala umegeukia ukutani siku zote isipokuwa zile tulizozijua. Na hizo zenyewe ulikuwa kama mtu anayefanya kazi ya msimamizi wake. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba niliona.

Kuna jambo lazima nikuambie kabla hujalisikia vibaya, na nahisi umeshalisikia. Wiki iliyopita mama kaniita, kaniambia chukua kalamu nikuambie maneno ya kumwandikia mwanangu. Nikakaa. Neno la kwanza lilikuwa "mwache mtoto wa watu". Nikamwambia wino umeisha. Kaitazama kalamu, kanitazama mimi. Siku ya lori nikamkuta kasimama dirishani kwa Mzee Breki, kashika mlango, anaongea polepole ili yule mzee asisahau. Aliponiona akasema alikuwa anaulizia bei ya maharage.

Mama ananipenda, Cheche. Ananionea huruma kuliko mama yangu mzazi alivyowahi. Anasema nitazeeka bure kwa sababu ya mwanawe. Lakini chochote alichokuletea Mzee Breki kwa mdomo, si changu. Mimi sijaomba kuachwa na mtu.

Nenda kapime. Rudi kwa yule muuguzi, chukua kikopo, waache wabishane mpira. Mficha uchi hazai, waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Na ili usiseme nakutuma peke yako, mimi naanza. Nimeshaandikishwa kwa daktari wa kike pale hospitali ya juu. Nitapimwa kila kinachopimika, wanipe cheti cha uzima, nikitundike ukutani pale unapogeukia.

Wako,
Kidoti


Kambini, 6 Mei

Mke wangu, Kidoti wangu,

Mzee Breki alinipa maneno ya mama mbele ya kreti za nyanya. Aliyasema kwa uaminifu, akafumba macho ili asiruke hata moja. "Unamzeesha mtoto wa watu bure. Kama huna, sema huna, umwache akazae." Kisha akaniomba nimsaidie kushusha nyanya.

Nimekaa nayo tangu hapo. Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika uongo.

Mama kasema kweli. Wewe ni mzima, mwili wako unalisema hilo kila mwezi, mama anaona, jirani anaona. Mwanamke mzima aliyefungwa na mwanaume aliyekauka anafanya nini? Anagongea makochi ya watu wengine mpaka nywele zinakuwa nyeupe. Nimekuona ulivyomshika yule mtoto wa fundi mwenzako siku ile tulipopita karakana. Ulimrudisha haraka, kama uliyeshika kitu cha duka.

Sijapima, na sitapima. Nisamehe kwa hilo. Nikiwa sijaambiwa, asubuhi naamka, nashika koleo, nafanya kazi. Nikiambiwa kwa kinywa cha mtu, na muhuri, sijui kama nitaamka. Ndivyo nilivyo, mwoga wa hilo moja.

Kwa hiyo nakufungulia mlango, mke wangu. Nakuacha kwa sababu nakupenda, na siandiki hivyo kama wanavyoandika watu. Vyombo vyote ni vyako, na kitanda nilichokuchomelea ni chako, ukiona huwezi kulala na mwingine juu yake kiuze. Nitamwambia mama kwamba mimi ndiye niliyesema, asije mtu akakunyooshea kidole. Olewa, zaa. Mtoto wa kwanza akiwa wa kiume usimpe jina langu, nitasikia vibaya.

Nimeandika hii ndani ya bomba, mchana, moto umezimwa. Wenzangu wanadhani nimelala.

Aliyekuwa na bahati ya kukuoa,
Cheche


Nyumbani, 20 Mei

Dada yangu mkubwa, shikamoo,

Sikupigii simu kwa sababu ukuta wa humu ni mwembamba na mama mkwe ana masikio. Kaa chini kwanza.

Cheche ameniandikia barua ya kuniacha. Si kwa ugomvi. Ananiacha kwa sababu anajiona si mwanaume kamili, eti moto wa kuchomelea umemkausha, eti mimi mzima nisizeeke naye bure. Barua nzuri, dada. Sijawahi kuandikiwa nzuri kama hiyo, na ni ya kuachwa.

Sasa sikiliza. Barua hiyo imenikuta nimetoka kwa daktari. Nilikwenda kutafuta cheti cha uzima, nilikwenda kwa majivuno kabisa. Daktari alinipima damu mwishoni mwa mwezi wa nne. Akarudia na mwezi huu, kwa sababu alisema mwezi mmoja hata mtu mzima anaweza kukosa. Akanitazama na kwa picha. Leo kanikalisha.

Kasema simwagi yai. Damu inakuja, yai halitoki. Nikamwambia daktari, haiwezekani, mimi sijawahi kukosa tangu nivunje ungo. Akasema ndiyo, na wengi wanakuja hapa na maneno hayo hayo. Damu kuja kwa wakati si ushahidi kwamba yai limetoka. Mji wa mimba unajijenga, unangoja, ukichoka unajibomoa, na mtu anaona siku zake kama kawaida. Kumbe ndani hakukuwa na kitu cha kungojewa. Mayai yangu yanaanza kukua, yanasimama njiani. Nikamwambia basi ni kochi ninalolishona kila mwezi na kulifumua, na hakuna aliyelikalia. Akacheka kidogo, akasema ndivyo.

Miaka minne, dada. Kila mwezi nilikuwa naleta ushahidi dhidi ya mume wangu na ushahidi wenyewe wa uongo.

Daktari anasema kuna vidonge vya kulisukuma yai. Wengi vinawasaidia, si wote. Anataka na Cheche apimwe, maana hajui upande wake ukoje. Nimerudi nyumbani, nimekuta barua mezani, mama kaiegemeza kwenye chupa ya chai na kanibandikia maji ya kuoga. Nifanye nini?

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa chini, nimesoma, nimesimama tena.

Funga mdomo. Ndiyo jibu langu, sina lingine. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe na daktari mnatosha, na mimi wa tatu ni kaburi. Mwandikie huyo mwanaume umwambie humwachi hata akiwa mkavu kama kuni, unampenda hivyo hivyo alivyo. Atarudi mbio analia. Wewe meza vidonge vyako kimya kimya, sema ni vya mgongo, mgongo unakuuma kweli. Mimba ikiingia atasema Mungu mkubwa, moto haukuniweza, na mtaishi.

Utasema huo ni uongo. Uongo gani? Yeye kajiamulia mwenyewe kwamba ni mgonjwa, wewe hukumpima. Mwache na imani yake miezi michache, haitamuua.

Mimi nimeolewa mara mbili, sikuambii ya kusoma kitabuni. Mwanaume anayejiona ana kasoro anakuwa mpole, anakubembeleza, anakuandikia barua nzuri kama hiyo. Siku akijua kasoro ni ya kwako ndiyo utajua umeolewa na nani. Unataka kujua? Mimi ningekuwa wewe nisingetaka.

Na huyo mama mkwe anayekubandikia maji, usimwamini sana. Anambandikia maji mwanamke aliyeonewa. Ukiacha kuwa umeonewa, utachota mwenyewe.

Dada yako


Nyumbani, 3 Juni

Cheche, mume wangu,

Barua yako ya kuniacha siipokei. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea, na jibu langu ni hapana. Sasa nakuambia kwa nini, na uisome hii umekaa nje ya bomba, kwenye hewa.

Si wewe. Ni mimi.

Nimepimwa mara mbili na nimetazamwa kwa picha. Yai langu halitoki. Mgeni anakuja kwa wakati, lakini anakuja tu, hana maana yoyote. Daktari kanieleza taratibu na nimeelewa. Mimi niliyekuandikia kwamba sikatiki kama umeme, nilikuwa najivunia kitu nisichokijua.

Kuna mtu kanishauri nisikuambie. Alikuwa na sababu zake na si mtu mbaya. Nilikaa siku kadhaa nikijaribu kumtii. Nilianza barua ya kukuambia nakupenda hata ukiwa mkavu, na ilikuwa inakwenda vizuri sana. Kisha nikakuwaza umelala ndani ya lile bomba, moto umezimwa, unajihesabu nusu mtu kwa sababu yangu. Nikaichana. Siwezi kukulaza humo hata siku moja zaidi ili mimi nibaki mzima machoni pa jirani.

Kwa hiyo inuka. Hujakauka. Huenda hata huna tatizo lolote, ingawa daktari anataka ukapime na wewe kwa utaratibu tu, maana anatutibu wawili. Na hili langu lina dawa. Si lazima ikubali, lakini ipo. Mwisho wa mwezi huu naanza.

Mama sijamwambia. Nimeona tumwambie pamoja utakapokuja.

Nakusubiri. Kitanda siuzi.

Kidoti wako


Nyumbani, 11 Julai

Cheche,

Lori limekuja na kurudi mara tatu. Mara ya kwanza nilisema barua ilichelewa. Mara ya pili nilisema unatafuta maneno. Leo nimemfuata Mzee Breki mwenyewe, nikamwuliza kama alikupa ile ya mwezi wa sita. Kasema alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukakaa, ukaisoma tena, kisha ukamkumbatia yeye Mzee Breki mpaka kofia ikaanguka. Anasema siku hizi unaimba kazini. Anasema umenunua raba mpya.

Nilifurahi. Nilitaka upumue na umepumua. Nilirudi njia nzima nikicheka kwa kukuwaza unaimba, maana sauti huna. Nilipofika mlangoni ndiyo nikajiuliza, sasa mtu mwenye furaha kiasi hicho anashindwaje kuandika mistari miwili?

Nadhani umeona aibu kwa sababu ya ile barua yako ya Mei. Usione. Nimeshaisahau, isipokuwa pale pazuri.

Dawa nimeanza. Zinaniletea joto, jasho linanitoka hata asubuhi, na karakana nzima inaniuliza kama naumwa. Duru ya kwanza haikufanya kitu. Daktari alitazama, akatikisa kichwa, kaongeza dozi. Anasema nisikate tamaa, wengine ndivyo wanavyoanza. Picha nyingine ni mwanzoni mwa Agosti, na kama yai litakuwa limekomaa, siku mbili tatu hizo ndizo zenyewe. Omba ruhusa mapema. Mwambie msimamizi mama anaumwa, miguu yake inauma kweli, hutakuwa umedanganya.

Njoo, Cheche. Sikuombi kitu kingine mwaka huu.

Kidoti


Kambini, 30 Julai

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini miguu ina nafuu. Mimi mzima wa afya.

Na hasa nakuandikia hilo, mama, kwamba mimi ni mzima. Nilikwenda zahanati, nikapima, daktari wa kambi kaniambia sina kasoro hata kidogo, kasema wanaume wengi wangetamani. Nimeshukuru Mungu sana. Yale maneno ya moto yalikuwa porojo. Ulinisema vibaya mama, kupitia kwa Mzee Breki, lakini siliweki moyoni, kila mtu alikuwa hajui.

Tatizo ni la ndani ya nyumba. Mwenyewe ameniandikia na kukiri, nampa heshima yake kwa hilo. Anatumia dawa lakini hata daktari wake hana uhakika. Mama, mimi ni mtoto wako wa pekee na umri unakwenda. Nimefikiri sana na sioni haja ya kupoteza miaka mingine.

Yule binti wa fundi cherehani uliyenitajia zamani kabla sijaoa, kama bado yuko kwao, ongea na mama yake. Mimi nitashuka mwezi wa kumi.

Huyu msimfukuze. Akae mpaka apate pa kwenda, hana ubaya wowote kwa kweli. Naomba wewe ndiye umwambie, mama. Mwambie taratibu.

Mwanao


Nyumbani, 8 Agosti

Cheche,

Barua yako kwa mama imefika na nimemsomea.

Mama yako hajui kusoma. Hilo unalijua tangu uzaliwe, na tangu nilipoolewa unajua ni nani anayemsomea. Ulipokaa ukaandika "mwambie taratibu", ulimwona nani ameshika karatasi? Nauliza kwa sababu nataka kujua, sikuulizi kwa ugomvi.

Nilimsomea uani, baada ya chai. Nilijua nimefika wapi nilipofika kwenye "tatizo ni la ndani ya nyumba". Ningeweza kuruka. Ningeweza kutunga mistari yangu, nikamwambia mwanao anakusalimu na anakuja Agosti. Nilisoma yote, neno kwa neno, na binti wa fundi cherehani, na mwezi wa kumi, na kwamba sina ubaya wowote. Nilisoma taratibu kama ulivyoomba.

Mama alitazama mikono yake. Kisha akaniuliza, "Umesoma yote?"

"Yote, mama."

"Basi nirudie pale alipopima."

Nikamrudia. Kasema hana kasoro hata kidogo, kasema wanaume wengi wangetamani. Mama akafuta macho kwa khanga, akacheka huku analia, na hakunitazama. Tangu siku ile hajaniita mwanangu. Si kwamba ananisema vibaya. Ananipita tu, kama mpangaji. Jana nimesikia sauti yake kwa jirani wa upande wa bomba, wanaongea chini chini na kuelewana.

Dada yangu kaniandikia kwamba chumba kipo. Hakuniambia "nilikuambia", na hapo ndipo nililia. Nitaondoka Jumamosi na mashine yangu ya kushonea na nguo zangu. Kitanda nakuachia. Mzee Breki anasema hakiingii kwenye lori la maharage, na hata kingeingia.

Nimejaribu kukuchukia na siwezi vizuri, kwa sababu ya ile barua ya ndani ya bomba. Nimekaa nikajiuliza yule aliyeiandika kaenda wapi. Mwezi wa tano uliniacha kwa sababu unanipenda. Mwezi wa saba umeniacha kwa sababu wewe ni mzima. Ile ya kwanza niliikataa. Hii naipokea.

Nilikuwa nimalizie hapo, ila leo asubuhi nilikwenda kwa daktari. Nilijiambia siendi, nikajikuta nimepanga foleni. Kanipaka yale mafuta ya baridi tumboni, akasogeza chombo chake, akakirudisha pale pale, nikadhani ni yale yale. Kisha akageuza kioo nione. Kulikuwa na duara jeusi, peke yake, limejaa. Akasema ndilo hilo, limekomaa, kesho au keshokutwa linatoka. Alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona, akanishika bega, akasema nimevumilia na sasa tusipoteze wakati, nirudi nyumbani kwa mume wangu.

"Mumeo yuko wapi?"

Nikamwambia yuko njiani.

Kidoti